Komeo la Nje

Asubuhi ile mjomba wangu alikwenda kazini kama anavyokwenda siku zote: penseli nyekundu ya seremala sikioni, kisanduku cha vifaa begani, na manung'uniko kidogo mdomoni kwa sababu chai ilikuwa imepoa. Hakuota ndoto mbaya. Hakuna bundi aliyelia. Nalisema hili mapema kwa kuwa watu wakisimulia habari za namna hii hupenda kupamba, na kupamba ni kudanganya kwa adabu. Mimi nasema yaliyokuwa.

Kazi yenyewe ilikuwa shule ya zamani. Chumba kimoja kikubwa cha mawe, madirisha marefu yenye nondo, paa la bati lililochoka, na mlango mmoja mzito wa mbao ngumu. Ilifungwa kabla mimi sijazaliwa, ikawa ghala, kisha ikawa mali ya popo. Halmashauri ilitaka kuibomoa ipate maegesho ya magari. Mama mmoja mwalimu mstaafu, ambaye mtaani tunamwita Mwalimu tu, alizunguka ofisi hadi ofisi mpaka makarani wakawa wanajificha wakisikia fimbo yake koridoni. Mwishowe akapewa sharti. Jengo lirudishwe kama lilivyokuwa, kila kitu mahali pake pa zamani, na mkaguzi wa majengo ya kale aridhike kabla muhula haujafunguliwa. Wakifaulu, watoto wa mtaa wapate shule yao. Wakishindwa, tingatinga.

Mjomba alilitaka jengo lile kuliko Mwalimu mwenyewe, na sababu yake ilikuwa na magoti yenye makovu na jino la mbele lililong'oka. Binti yake. Alimwita Rula, maana alikuwa mwembamba na amenyooka kama rula kweli. Kila mwisho wa mwezi alimsimamisha kwenye mwimo wa mlango wa sebuleni, akamlazia penseli kichwani, akachora mstari. Mistari ilipanda mwimo kama ngazi ya sisimizi.

Rula alisoma ng'ambo ya barabara kuu, ile ya malori. Mtoto wa jirani aligongwa pale. Hakufa, lakini hajatembea tena. Tangu siku hiyo, mke wa mjomba, ambaye ni mshonaji, akisikia breki zinalia huko barabarani mguu wake unaganda juu ya cherehani mpaka amwone mtoto amefika.

"Malizeni hiyo shule," alikuwa akimwambia mumewe. "Mimi moyo wangu umechoka kuvuka barabara kila asubuhi."

Sasa mjomba ana namna yake ya kufanya kazi. Hauamini ubao kwa macho. Huugonga kwa kifundo cha kidole, ko, ko, kisha hubandika sikio asikilize kama ndani ni mzima au umeliwa. Na akisikiliza, mtu asikohoe. Siku moja Rula aliingia akiita, "Baba! Baba!" wakati sikio liko ubaoni. Alikaripiwa mpaka akalia kwikwi. Hasira za mjomba ni kama moto wa karatasi, dakika moja zimekwisha, lakini mtoto hakusahau. Tangu hapo akimkuta baba yake anasikiliza hufumba midomo kabisa na kusimama. Hata yeye alikuwa ameshajifunza kugonga. Ko, ko, halafu kichwa upande, anasikiliza, mzee mdogo.

Walikuwa wanang'oa mbao za sakafu karibu na mlango walipolikuta. Lilikuwa limefungwa kwa kitambaa kilicholowana mafuta, limesukumwa chini kabisa. Mjomba alikifungua kitambaa. Komeo. La chuma, zito, refu kama mkono wa mtoto.

Akaenda nalo mlangoni moja kwa moja. Alikuwa ameshaona kitambo kwamba upande wa nje wa ule mlango kulikuwa na matundu yaliyozibwa kwa vijiti. Akaliweka komeo juu yake. Likakaa. Kila tundu na tundu lake.

"La nje?" Aliyeuliza ni mpaka rangi, mwenzake wa miaka mingi, mtu wa maneno, jina lake la kazi Chokaa. Alikuwa juu ya ngazi akikwangua ukuta, vumbi jeupe limemfunika nyusi. "Shule au jela hii?"

"Wewe pakaza huko. Ya mbao niachie mimi."

"Nauliza tu, fundi. Mtoto anafungwa kwa nje kama mbuzi?"

"Sharti linasema kama lilivyokuwa. Komeo lilikuwepo. Linarudi."

Hakumwambia Chokaa lililokuwa linamchoma. Vile vijiti alivijua. Vilichongwa pembe nne, vikapigwa huku nyuzi za mbao zimekingama, visichomoke kamwe. Mtu mmoja tu aliziba hivyo. Baba yake mzazi, marehemu, seremala kabla yake. Mjomba aliona haya. Mzee wake, fundi wa kuheshimika, aliharibu mlango wa kihistoria, akauficha ushahidi chini ya sakafu! Alichukua patasi akavitoa vijiti vya baba yake kimoja kimoja. Vilikataa. Kimoja kilivunjika kikamchoma kiganja, akakitukana.

Jioni alimweleza mama yake, ambaye huishi nao chumba cha nyuma. Bibi alikuwa anachambua mchele. Mikono ikasimama.

"Umelirudisha?"

"Nimelirudisha, mama. Tena limekaa kama jana."

Bibi aliuweka ungo chini. Akaanza kunong'ona, na yeye si mtu wa kunong'ona. Ni mtu wa kuita jirani bila kutoka ndani.

"Zamani pale palikuwa na mwalimu aliyewafungia humo watoto waliochelewa. Siku ya kufunga shule akamfungia mtoto wa kike mmoja. Akamsahau. Likizo nzima. Walipokumbuka wakaenda mbio. Komeo liko mahali pake. Nondo ziko mahali pake. Mtoto hayumo."

"Alitoroka."

"Kwa wapi, mwanangu? Si mwili, si kiatu. Hayumo. Ndipo wakamwita baba yako. Mimi nilimshikia vijiti. Hakuuharibu mlango ule. Aliutibu."

Mjomba akapandwa na hasira. Siku zimebaki chache, mkaguzi anakuja, na yeye anaambiwa habari za watoto wanaoyeyuka. Akasimama.

"Mama, tingatinga halitibiwi kwa hadithi. Unataka Rula aendelee kuvuka barabara ile?"

"Keti kwanza, sijamaliza. Kuna na jambo la sauti, ukisikia..."

Alikuwa ameshatoka. Neno lilibaki mdomoni mwa mama yake.

Siku ya pili tangu komeo lirudi, Chokaa alikuwa nje akichanganya rangi, mchana kweupe. Akasikia mtu anagonga mlango kwa ndani, polepole. Komeo lilikuwa limesukumwa limefungwa.

"Nani kakufungia, fundi?" akaita akicheka.

"Mimi niko huku nyuma," mjomba akajibu kutoka nyuma ya jengo.

Chokaa aliacha kucheka. Walifungua pamoja. Chumba kitupu. Mwanga wa jua sakafuni, mistari mistari kwa ajili ya nondo. Mjomba akasema ni mbao zinatanuka kwa joto. Zinatanuka, ni kweli, na zikitanuka zinalia. Lakini mbao hazisukumi komeo. Chokaa hakuingia tena mle ndani. Alijifanya ukuta wa nje una kazi nyingi.

Ikafika siku ya kumalizia. Kesho yake mkaguzi.

Jua lilikuwa kali. Mtaa ulikuwa umelala ule usingizi wa baada ya chakula; hata mbwa walikuwa kimya. Mjomba alikuwa nyuma akikusanya vifaa. Alimsikia Chokaa akishuka ngazi na kusema anakwenda kutafuta brashi nyingine. Baadaye kidogo akasikia sauti ya chuma. Krrr. Tak.

Akazunguka mbele. Mlango alikuwa ameuacha wazi. Sasa ulikuwa umefungwa. Komeo limeingia mpaka mwisho.

Hakuwa na hofu bado. Alikuwa na hasira. Akapanda kizingiti, akagonga kwa kifundo cha kidole. Ko, ko. Akabandika sikio.

Kimya.

Kisha, kwa ndani, usawa wa kiuno chake, kukajibiwa. Ko, ko.

"Baba."

Ilikuwa sauti ya Rula. Ule wembamba wake, ile pumzi inayopita kwenye pengo la jino.

"Baba, nifungulie. Kuna giza."

Palikuwa mchana. Madirisha yalikuwa wazi. Hilo hakuliwaza hata kidogo. Baba gani angeliwaza? Akanyanyua mkono kushika komeo.

Na hapo mkono mdogo ukaingia katika mkono wake wa kushoto.

Ulikuwa wa baridi. Baridi kweli, na umelowa maji. Akatazama chini.

Mtoto alikuwa amesimama ubavuni mwake. Sare ya Rula. Urefu wa Rula. Uso mweupe, mweupe wote, hata kope. Midomo imefumbwa ikawa mstari. Macho yanamtazama. Hakusema neno. Akauminya tu mkono wa mjomba.

"Baba," ikalia ile sauti ndani. "Baba, usimtazame. Nifungulie, Baba. Ananijia mimi."

Mjomba akajaribu kuutoa mkono. Yule wa nje akamng'ang'ania. Kwa mikono miwili sasa. Anatikisa kichwa. Midomo haifunguki.

"Baba! Baba! Baba!"

Hakufikiri. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kufikiri akiwa amepandwa, na siku ile hofu na hasira zilikuwa kitu kimoja. Akapiga komeo kwa kiganja. Mlango ukafunguka. Mtoto akamrukia kutoka ndani, akamkumbatia kiuno, analia, anatetemeka, wa moto kama mkate. Wa moto! Mjomba akamvuta nyuma yake. Akamshika yule wa baridi begani. Akamsukuma ndani.

Akafunga. Akakomea.

Ndani hakukupigwa kelele. Hakukuwa na kilio. Alichosikia, akiwa ameshambeba mtoto begani na ameshageuka, kilikuwa kidogo tu. Ko, ko. Halafu kimya. Kile kimya cha mtu aliyelaza kichwa upande, anasikiliza.

Alikimbia mpaka nyumbani. Mkewe hakuwepo, alikuwa amepeleka nguo za mteja. Bibi alikuwa amelala. Mjomba alikaa kitandani na mtoto mapajani mpaka jua likashuka, akimpapasa nywele, akimwambia yamekwisha. Mtoto alikuwa ametulia. Alitazama kila kitu chumbani. Taa, pazia, dari. Alitazama kama mtu anayehamia.

Asubuhi mkaguzi alikuja, mwanamke wa miwani na viatu vya kufunika. Mwalimu alikuwa amevaa nguo yake nzuri. Mjomba alifungua komeo. Chumba kilikuwa kitupu na safi. Mkaguzi akapapasa mbao, akatazama bawaba, akalisukuma komeo mbele na nyuma, akafurahi.

"Hata hili mmelipata! Kazi kama hii sijaiona. Jengo limepona."

Mwalimu akapiga vigelegele mpaka fimbo ikaanguka. Watu wakaingia na kutoka wakipongezana. Mtu mmoja akajikwaa kwenye kizingiti, akainama, akaokota kitu kilichokuwa nje, pembeni mwa mlango.

"Fundi, hili si lenu?"

Jagi la maji. La nyumbani kwake, la bluu, lenye ufa mpinini. Glasi imefunikwa juu ya mdomo wake.

Mjomba alilichukua. Akasimama nalo. Chokaa akamkaribia akimpiga begani.

"Mwambie Rula anisamehe. Jana nilikwangua ukuta, kumbe anapita chini ya ngazi na jagi lake. Vumbi lote likammwagikia, akawa kama mzimu! Nikamwambia sema basi, nitukane. Wapi. Akaweka kidole mdomoni, akanionyesha wewe uko kazini. Umemfundisha adabu huyo mtoto."

Mjomba aligeuka. Alikwenda nyumbani na jagi mkononi. Mkewe alikuwa kwenye cherehani.

"Nani alileta maji jana?"

"Rula, nani mwingine? Nililijaza barafu mpaka juu, akalibeba kwa mikono miwili, yanamchuruzika. Nikamwambia baba yako akiwa anasikiliza mbao, ole wako ufungue mdomo." Akacheka, akakata uzi kwa meno. "Mbona hivyo? Yalikuwa hayajapoa?"

Akaenda chumba cha nyuma. Bibi alikuwa ameketi, amemwelekea, kama aliyekuwa anamngoja tangu ile jioni ya mchele.

"Mama. Lile jambo la sauti."

"Aliyemo humo hana sauti yake," Bibi akanong'ona. "Huazima. Huazima ya mtoto aliye nje, karibu. Baba yako alisema ukimsikia wako anaita kutoka ndani, geuka kwanza umtafute nje." Akasikiliza hatua ndogo zinazopita ukumbini. "Kwani ulifungua?"

Mjomba ni mtu asiyedanganya vipimo. Ukimwagiza meza, akaikata fupi kwa upana wa ukucha, atakwambia mwenyewe na atakukatia nyingine. Siku ile alimtazama mama yake machoni akasema, "Hapana."

Alilitoa komeo kabla muhula haujafunguliwa. Mwalimu alishangaa, lakini mkaguzi alikuwa ameshasaini, na hakuna mzazi aliyelitetea. Vijiti akavichonga pembe nne, akavikingamisha kama vya baba yake. Kabla ya kulitoa alijaribu, mchana, mara nyingi kuliko alivyopenda kuniambia. Alikomea mlango, akabandika sikio, akaita. Alijibiwa kila mara. Ko, ko. Alifungua kila mara, na kila mara palikuwa na sakafu na mistari ya jua.

Utaniuliza, na mimi nilimuuliza: si angemrudisha yule aliyemtoa? Alilifikiria. Alimpeleka mpaka kizingitini, kamshika mkono. Mtoto akamtazama juu. Jino la mbele halipo, kovu la goti liko palepale. "Baba, tunaingia?" Na mjomba akakumbuka kwamba mara ya kwanza pia alikuwa na hakika. Akamrudisha nyumbani.

Shule imejaa. Asubuhi watoto wanaimba jedwali la kuzidisha na mlango uko wazi, umeegemezwa jiwe. Hakuna avukaye barabara kuu. Mke wa mjomba anashona bila kuinua kichwa. Juzi aliniambia kwa furaha, "Huyu mtoto ana baraka. Sare ya mwaka juzi bado inamkaa sawasawa."

Mwisho wa mwezi bado wanapima. Mtoto mwenyewe ndiye hukumbusha. Husimama mwimoni, mgongo umenyooka, na mjomba humlazia penseli kichwani. Penseli mpya, ile nyekundu ilimdondoka sikioni siku aliposukuma bega lile, na hakuiona tena. Huchora. Mstari huangukia juu ya mstari wa mwezi uliopita, uliokuwa umeangukia juu ya ule wa nyuma yake. Pale mahali sasa pana kovu moja nene jeusi kwenye mbao.

"Nimekua, Baba?"

"Umekua."

"Lile komeo umelitupa?"

"Nimelitupa."

Liko chini ya kisanduku cha vifaa, ndani ya kitambaa cha mafuta. Nimeliona mwenyewe. Halina chembe ya kutu.

Na siku nilipomsindikiza kwenda kukaza bawaba za mlango wa shule, aliniomba niusukume ufunge kidogo, tuutazame kwa ndani. Alipiga magoti, akatoa futi ya chuma, akaisimamisha kwenye ubao. Palikuwa na mistari. Mifupi, imenyooka, ya penseli nyekundu. Wa kwanza ulikuwa juu kidogo tu ya ule wa mwisho uliopanda nyumbani. Wa juu yake umepanda kidogo. Wa juu yake tena. Ule wa juu kabisa ulinifika mimi kifuani.

Nilipitisha kidole. Unga wa penseli ukaniganda. Ulikuwa bado mbichi.